UKURASA WA NYUMBANI: Aendaye Baridini Peke Yake Tumfungashie Nini?

 

Majuma mawili yaliyopita mama mmoja, jirani yangu wa hapa hapa Kasubi, alinisimamisha sokoni tulipokuwa tukichagua matoke. Mumewe amestaafu katika polisi. Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake amenunua pikapu, na mwezi ujao anakusudia kwenda Kigezi kununua viazi mviringo aje kuviuza Kampala. Atakaa huko siku kumi na nne au zaidi, akipanda na kushuka vilima kijiji hadi kijiji, peke yake, na usiku atalala ndani ya gari ili faida yake isiishie katika nyumba za wageni. Mama huyo akaniuliza, "Nimfungashie nini? Maana kila nikitaja kitu ananijibu kwamba askari haogopi baridi."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliyasikia nyumbani kwangu mwenyewe mwezi wa Juni mwaka 2017, na nusura yanifanye mjane. Kwa hiyo leo, kwa idhini ya Salongo wangu, ambayo sikuipata kwa urahisi, nitawaeleza yaliyotupata, kisha tufungashe mzigo pamoja.

YALIYOMPATA SALONGO

Salongo alitumikia jeshi miaka mingi. Alipostaafu, naye pia alinunua pikapu, akatengenezewa nyuma yake kibanda cha fito za chuma kilichofunikwa kwa turubai. Safari yake ya kwanza ya viazi ilikuwa ya kwenda vilima vya Rubanda, ng'ambo ya Kabale. Alichukua godoro jembamba la sponji, blanketi moja, sufuria, sigiri na gunia la makaa. Nilipomwambia aongeze blanketi la pili akasema, "Nalongo, mimi nimelala mahandakini." Nikanyamaza, maana ni kweli alilala mahandakini.

Usiku wa kwanza baridi haikumpa usingizi hata lepe. Usiku wa pili, baada ya kupika chakula chake, aliona makaa yangali mekundu na hayatoi moshi hata kidogo. Akaiingiza sigiri ndani ya kibanda, akaiweka pembeni mwa godoro, akafunga turubai pande zote kwa kamba ili joto lisipotee. Akalala vizuri sana.

Kiasi cha saa tano za usiku, mlinzi wa ghala la jirani alikuja kuomba moto wa kuwashia kiko chake. Alibisha hodi ubavuni mwa gari. Salongo anasema aliisikia hodi kama inayotoka mbali, chini ya kisima. Alitaka kujibu, ulimi ukawa mzito. Alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Kichwa kilimgonga kama ngoma. Mlinzi aliona wekundu wa moto ukipenya katika tundu la turubai, akaelewa mara moja, akakata kamba kwa panga lake, akamvuta mtu nje kwa mabega. Salongo alikesha ameegemea ukuta wa ghala, akitapika, huku mzee yule akimkemea kwa Kikiga ambacho hakukifahamu neno kwa neno, ila maana yake aliifahamu sana.

Haya yote alinificha mwezi mzima. Niliyajua siku nilipolitoa godoro kulianika, nikaona duara jeusi lililoungua, ukubwa wa kitako cha sigiri. Mficha maradhi kilio humfichua. Sisi Mungu alitunusuru, kikafichua godoro.

HEWA ISIYOBISHA HODI

Tuanze na jambo hili, maana ndilo linaloua. Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi, pamoja na adha yake, ni rafiki: humkohoza mtu akaamka. Hewa hii haimkohozi mtu. Damu ya binadamu huishika kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko inavyoishika oksijeni, hata mwili ukakosa oksijeni mtu akiwa bado anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na unyonge wa miguu. Kwa aliyelala, usingizi humziba asizitambue dalili hizo, na wengi hawaamki tena.

Wengi wetu hudhani kwamba makaa yaliyokwisha kushika vema na kuacha kutoa moshi hayana madhara. La hasha! Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yaliyotaka kumwua Salongo. Katika nchi ya baridi watu hushawishika kuingiza sigiri chumbani, na misiba ya namna hiyo hutokea. Hatari ni ile ile kwa aachaye injini ya gari ikinguruma usiku kucha ili apate joto. Moshi wa ekzosi huingia kupitia sakafu na nyufa, nao umebeba sumu hiyo hiyo.

Basi sheria ya kwanza ya mzigo wetu ni hii: sigiri hulala nje. Hupikia nje, huzimwa nje, na hupoa nje. Ukimkuta mtu amelegea mahali penye moto uliofungiwa, mtoe nje kwenye hewa safi kabla ya jambo lingine lolote, kisha mpelekeni hospitali hata akisema amepona.

MWENZIO WA ZAMU YUKO WAPI?

Nimelitafakari sana jambo hili, nikaona kwamba Salongo hakusema uongo. Baridi alikuwa ameizoea. Asichokizoea kilikuwa upweke. Jeshini na polisini hakuna alalaye bila mwingine kuwa macho. Yupo wa zamu, yupo mkubwa wa kupokea taarifa asubuhi, yupo mtunza stoo ajuaye hesabu ya mablanketi, yupo wa kukuambia, "Afande, uso wako leo si mzuri." Mtu aliyeishi hivyo miaka ishirini hudhani uhodari wote ulikuwa wake, kumbe nusu yake ilikuwa ya wenzake.

Aendapo peke yake wenzake hao hawapo. Kwa hiyo kila kitu tunachomfungashia hakina budi kushika nafasi ya mmoja wao. Tukilielewa hilo hatutabishana tena juu ya nani haogopi baridi.

BARIDI YENYEWE NI YA NAMNA GANI?

Kasubi yetu iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kabale iko karibu mita 2,000, na barabara iendayo Kisoro hupanda juu zaidi, ikapita katika msitu wa Echuya na Kanaba kabla ya kuteremka. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kiasi cha nyuzi sita. Usiku wa Kabale huweza kufika nyuzi kumi au chini yake, na katika miezi ya kiangazi, Juni na Julai, anga linapokuwa wazi bila mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi na baridi ya alfajiri huwa kali.

Msomaji aliyewahi kuishi Ulaya atasema nyuzi kumi si kitu. Lakini huyo alilala ndani ya nyumba, juu ya kitanda. Bati la pikapu ni jambo jingine. Chuma hunyonya joto la mwili kama sifongo inyonyavyo maji. Na ukungu wa asubuhi huloanisha kila kitu, na nguo iliyoloa haimhifadhi mtu.

MALAZI: TUANZE CHINI

Akina mama wengi wakisikia baridi hukimbilia kuongeza blanketi la juu. Hilo ni kosa la kwanza. Mwili ulalao huligandamiza godoro, nalo godoro jembamba likigandamizwa halizuii chochote. Baridi hutoka chini. Kwa kila blanketi la juu, weka vizuizi viwili chini.

Sisi wa Kasubi tumebarikiwa, kwa kuwa kinamasi cha Lubigi kiko karibu, na mikeka ya mafunjo si shida kuipata. Bua la funjo lina moyo kama sponji uliojaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo izuiayo baridi. Tandika kwanza maboksi yaliyokunjuliwa juu ya bati, kisha mikeka miwili ya mafunjo, halafu godoro. Usitandike nailoni moja kwa moja chini ya godoro bila mkeka, maana jasho hukusanyika hapo, na baada ya siku tatu godoro huloa na kunuka.

Juu, mablanketi mawili membamba ya sufu hushinda moja nene la nailoni, kwa kuwa kati yake hukaa tabaka la hewa. Wazee wetu walilijua hilo zamani. Bibi yangu alijifunika gome la mutuba, tabaka juu ya tabaka, na hakuwahi kulalamika baridi. Ustadi huo wa kutengeneza magome ndio ule ule uoneshwao katika Masiro hapa kilimani, wanapopumzika Kabaka wanne wa Buganda, na mwaka 2008 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Simwambii mtu apeleke gome la bibi yake kulalia viazi; nasema tujifunze hekima ya matabaka.

Mahali pa sigiri tuweke nini? Maji ya moto. Kila jioni baada ya kupika, na achemshe maji, ayaache yapoe kidogo, ayatie katika chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, aivike soksi nzito, na kuiweka miguuni chini ya blanketi. Chupa ya lita moja na nusu hutoa joto saa nyingi, wala haiui mtu.

Jambo la mwisho la malazi ndilo gumu kwa mume kulikubali: turubai lisifungwe lote. Kila upande uachwe uwazi wa upana wa kiganja, mbele na nyuma, ili hewa ipite. Mtu akipumua usiku kucha ndani ya kibanda kilichofungwa, pumzi yake hugeuka matone kwenye turubai, matone hudondokea blanketi, na kesho yake analala katika unyevu. Uwazi huo ndio askari wa zamu, usimwondoe lindoni.

MAVAZI

Nguo za baridi zipatikane Owino, katika mitumba ambayo hapa kwetu twaiita mivumba. Tafuta sweta mbili za sufu, koti moja lisilopitisha upepo, kofia ya sufu ifunikayo masikio, na glovu. Usinunue koti moja nene kupita kiasi. Mtu atapakia magunia mchana na kutoka jasho; akivaa matabaka ataweza kuvua moja moja.

Soksi nne za kazi, na mbili za kulalia. Hizo mbili za kulalia ziwe na rangi tofauti, zifungwe katika mfuko wa nailoni, na zisikanyage chini hata siku moja. Vivyo hivyo shati na suruali ya kulalia. Anayelala na nguo alizofanyia kazi hulala na jasho la mchana, na jasho hilo ndilo humtetemesha saa tisa za usiku. Viatu ni jozi mbili, buti za mpira kwa matope na viatu vya kuendeshea gari. Mguu wenye buti la tope juu ya breki ni hatari.

CHAKULA

Mtu aliye baridini huhitaji kula zaidi, hasa jioni, maana chakula ndicho kuni za mwili. Lakini kumbukeni kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Katika kimo cha Kabale maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 93 tu, badala ya mia moja, kwa hiyo maharage makavu huchukua muda mrefu mno na kumaliza makaa. Mfungashie vitu viivavyo upesi: unga wa posho, mchele, mukene waliokaushwa vizuri, karanga za kusaga, karanga za kukaanga kwa kutafuna njiani, sukari, chumvi, tangawizi na majani ya chai. Unga wa uji uwe mwingi. Uji mzito wenye karanga usiku hushinda nyama. Viazi, kabichi na maharage mabichi atavikuta huko huko kwa bei nafuu, na bushera ya mtama ya Wakiga itamkaribisha.

Pombe kali isiingie katika mzigo. Humpa mtu hisia ya joto kwa kuwa huivuta damu yenye joto hadi kwenye ngozi, na papo hapo joto hilo hupotea hewani. Mlevi wa baridini hupoa upesi kuliko asiyekunywa, wala hatambui.

Chupa ya chai ijazwe kila alfajiri. Jerikani mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya gari, zitiwe alama zisije zikachanganywa.

GARI

Hapa nitapita kwa haraka, kwa kuwa waume zetu hujidai kulijua. Hata hivyo, mama, simama ukaone kwa macho yako mambo haya: tairi la akiba lenye upepo, jeki na spana yake, kamba ya kuvutia, jembe na panga, kabari mbili za mbao za kuzuia magurudumu kwenye mteremko, pembetatu za kuakisi mwanga, mkanda wa feni wa akiba, mafuta ya breki, na nyaya za kuwashia betri kutoka gari jingine. Betri iliyochoka hapa Kasubi itakufa kabisa asubuhi ya Rubanda.

Breki zikaguliwe kabla ya safari. Kutoka hapa hadi Kabale, kupitia Masaka na Mbarara, ni kama kilomita 420 za lami. Lakini vilima vya mbele ndivyo vijaribuo. Gari lenye shehena literemke kwa gia ndogo, dereva asikalie breki mpaka zikashika moto. Ukungu ukifunga barabara, aegeshe nje kabisa ya njia na kungoja. Soko la viazi halifungwi kwa ajili ya saa moja.

BUNDUKI NA NYAMA ZIBAKI NYUMA

Najua wapo wazee wasomao ukurasa huu ambao zamani wakiwa safarini walijipatia kitoweo kwa risasi. Siku hizo zilipita, na hasara yake kwa wanyama wa Uganda twaifahamu sote. Silaha ya serikali ni ya kazi ya serikali. Haipandi pikapu ya viazi. Barabara hii hupita karibu na hifadhi ya Ziwa Mburo, na huko mbele ziko Bwindi na Mgahinga zenye gorila wa milimani. Kuwinda bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ni kosa, na kununua au kubeba nyama ya porini ni kosa pia chini ya sheria ya mwaka 2019, ambayo adhabu yake ya juu kabisa, kwa wanyama walio hatarini kutoweka, ni kifungo cha maisha.

Mwezi wa Juni mwaka 2020 gorila mkubwa aitwaye Rafiki aliuawa huko Bwindi. Aliyemwua alisema alikuwa akitafuta wanyama wadogo tu. Alihukumiwa miaka kumi na mmoja gerezani. Mtu akikuuzia paja la mnyama usiyemjua kando ya barabara, mwambie kwamba watoto wako wanakuhitaji nyumbani.

DAWA, FEDHA NA HATI

Mume aliyestaafu aghalabu ana dawa za kila siku, za shinikizo la damu au za sukari. Zihesabu wewe mwenyewe: siku kumi na nne, ongeza nne za dharura. Nusu aziweke mfukoni, nusu ndani ya gari. Ongeza dawa ya maumivu, chumvi za kuongeza maji mwilini, bendeji, spiriti na plasta. Chandarua kiende pia; mlima haukatazi mbu wote, na njiani atalala mabondeni.

Fedha zisikae mahali pamoja. Za kununulia viazi ziwe nyingi katika simu, kidogo mkononi. Kitambulisho, leseni ya udereva, hati za gari na bima zitiwe katika mfuko usioingia maji, na nakala zibaki nyumbani.

TAARIFA YA JIONI

Sasa nafika kwenye jambo lisilobebwa garini, nalo ndilo zito kuliko magunia. Kabla hajaondoka, mketi pamoja na kuandika: siku ya kwanza atalala wapi, ya pili wapi, na kadhalika. Mipango hubadilika, akibadilisha, aseme. Kila jioni saa moja kamili apige simu. Asipopiga, mke ampigie saa mbili na saa tatu. Ikifika asubuhi bila neno, asikae akilia. Ampigie simu mtu wa kwanza katika orodha, ambaye ni mwenyekiti wa LC wa mahali alipolala, kisha kituo cha polisi kilicho karibu. Namba hizo azipate mume mwenyewe kila afikapo mahali papya. Na ajue kwamba kule Kisoro, mpakani, simu huweza kukamata mtandao wa nchi jirani, salio likaisha mara moja. Achague mtandao wake mwenyewe kwa mkono. Betri ya akiba ya simu isisahauliwe.

Aegeshe gari mahali penye watu: karibu na kituo cha polisi, ghala lenye mlinzi, au kituo cha mafuta. Ajitambulishe kwa mwenyekiti na kwa jirani kabla ya giza. Kwa askari wetu wengine hili ni zito, wanaona kama kuomba ulinzi. Nami nawauliza: je, mlipokuwa kazini, mliingia eneo geni bila kujitambulisha?

SAFARI YA KURUDI

Jambo moja husahauliwa na wengi. Akienda, kibanda ni kitupu na kitanda kipo. Akirudi, kibanda kimejaa viazi. Atalala wapi? Fedha ya chumba cha usiku mmoja, kule Mbarara au penginepo, itengwe tangu Kasubi na isiguswe. Dereva aliyechoka ambaye hana pa kulala huamua kuendesha usiku, na huko ndiko tunakowapoteza.

Viazi navyo huvuta pumzi. Visifunikwe kwa nailoni isiyopitisha hewa, maana vitatoa jasho na kuoza. Wala visiachwe juani, maana mwanga huvigeuza kijani na kuvitia uchungu wenye sumu. Magunia yafunikwe kwa turubai lililoinuliwa kidogo ili hewa ipite. Mwaona, hata viazi vinataka uwazi wa kiganja.

KARATASI YA KUBANDIKA GARINI

Kwa mama wa sokoni na kwa wengine, nimefupisha hivi. Kateni mkabandike juu ya kioo cha dereva:

1. Sigiri hulala nje. Injini huzimwa kabla ya kulala.
2. Turubai huachwa wazi kiganja kimoja, mbele na nyuma.
3. Chini: boksi, mikeka miwili, godoro. Juu: mablanketi mawili.
4. Nguo na soksi za kulalia ni kavu na za kulalia tu.
5. Chupa ya maji ya moto miguuni.
6. Chakula cha moto kabla ya kulala, pombe hapana.
7. Jitambulishe kabla ya giza.
8. Simu nyumbani saa moja jioni.
9. Fedha ya chumba cha kurudia haiguswi.

Salongo wangu angali anakwenda Kigezi kila msimu wa viazi. Hunung'unika nikimkagulia mzigo, husema kwamba stoo ya jeshi haikuwa kali hivi. Lakini safari iliyopita, nilipokuwa nikifunga mfuko, alirudi mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nalongo, zile soksi za kulalia umetia?" Nikamwambia nimetia. Na kitu cha kwanza kupakiwa garini, kabla ya mikeka na kabla ya jeki, huwa ni kifurushi cha sukari, sabuni na tumbaku ya kiko, cha mzee yule mlinzi wa ghala. Hakipangwi chini ya vitu vingine, ili kisije kikasahauliwa.

Wasomaji wapenzi, wenye mashauri yao juu ya safari za baridi na watuandikie, hasa ninyi mliotumikia milima ya Rwenzori na Elgoni. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi viazi nyumbani visichipue. Tahadhari kabla ya hatari. Kwaherini.